Kabla hujaleta kompyuta dukani kwa sababu ya Wi-Fi au Bluetooth

Wateja wengi wanaoshuka kwenye bodaboda na laptopu mgongoni wanakuwa wameshajipa jibu njiani: kadi ya Wi-Fi imekufa, mpya ni shilingi ngapi? Mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Haina kitu kinachozunguka wala kinacholika, na vumbi la kiangazi cha Dodoma, ambalo kwa feni tumelizoea, haliisumbui sana. Kilichovurugika ni maelewano kati ya kompyuta, ruta na kifaa chako, na hayo unaweza kuyarudisha mwenyewe ukiwa sebuleni kwako Nkuhungu au Ilazo bila kutulipa chochote. Tunayaandika haya tukijua yatatupunguzia foleni, na hatuna tatizo nalo.

Kwanza jua nani mgonjwa. Chukua simu, zima data yake, iunge kwenye ruta ileile. Simu nayo ikishindwa kufungua kitu, iache kompyuta, haina kosa. Angalia bando na laini. Ile mistari ya Wi-Fi pale pembeni ya skrini inapima nguvu ya mawimbi kutoka kwenye ruta tu. Bando likiisha usiku wa manane, mistari itabaki imejaa vilevile. Lakini simu ikipeta huku kompyuta imegoma, basi tushughulike na kompyuta.

"Fundi, nimeshazima nikawasha." Hili tunalisikia kila siku, na mteja hasemi uongo. Ila tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kuzima kompyuta si kuizima kabisa. Ili iwake haraka kesho yake, Windows inaihifadhi kwenye diski hali ya mfumo wake pamoja na madraiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi, kisha ndiyo inazima. Draiva ya Wi-Fi iliyoganda jana jioni inahifadhiwa ikiwa imeganda, na asubuhi inaamshwa ikiwa hivyohivyo. Unaweza kuzima na kuwasha wiki nzima, tatizo likabaki pale pale. Kitufe cha "Restart" hakifanyi hivyo: kinaiacha hali ya jana na kuuanzisha mfumo upya, mafaili yako hayaguswi. Kwa hiyo ukiambiwa uwashe upya, bonyeza "Restart". Ukitaka kuzima kwa kweli, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya "Shut down". Mashine nyingi zinazoletwa kwetu kwa ugonjwa wa Wi-Fi au Bluetooth zinapona hapa, kabla hata hatujachukua bisibisi.

Kama bado, izime kabisa, chomoa chaja, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde kama 30. Kwa kompyuta ya mezani, chomoa waya wa umeme ukutani ufanye hivyohivyo. Umeme uliobaki ndani unaisha, na kadi iliyokwama inapata nafasi ya kuanza upya. Hii husaidia zaidi baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla. Halafu ipe ruta dakika mbili tatu iamke. Wengi wanaanza kubadilisha mipangilio wakati ruta bado inatafuta mtandao.

Laptopu za kiofisi za zamani, hasa zile za mitumba kutoka Ulaya na Marekani, nyingine zina swichi ndogo ubavuni au kwa mbele inayozima mawasiliano yote. Mtoto akiigusa, Wi-Fi na Bluetooth vinapotea kwa pamoja na hakuna mpangilio wa ndani utakaovirudisha. Mashine mpya nyingi zina kitufe chenye picha ya ndege kwenye safu ya juu ya kibodi. Angalia hapo kwanza. Hatutakucheka, lakini nauli yako itakuwa imeshakwenda.

Kuna lile la "jirani namuona, mwenyewe sijioni": kompyuta inaorodhesha Wi-Fi za mtaa mzima isipokuwa ya kwako. Hapa tatizo ni masafa. Ruta na simu za siku hizi hurusha kwenye 2.4 GHz na 5 GHz, lakini kadi nyingi za zamani zinajua 2.4 tu. Hotspoti ya simu ikiwa imewekwa kwenye 5 GHz, kwa kompyuta ya namna hiyo ni kama haipo. Kwenye simu ya Android ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ubadilishe bendi iwe 2.4, kwenye iPhone kuna swichi ya "Maximize Compatibility", iwashe. WPA3, aina mpya ya ulinzi wa nywila ya Wi-Fi, nayo huzikataa mashine za zamani, rudisha WPA2. Masafa ya 2.4 yana kasi ndogo ila yanapenya tofali vizuri zaidi, na kwa nyumba zetu za bloku hilo si jambo dogo. Usiweke ruta sakafuni nyuma ya televisheni. Kama ni ya laini ya simu, itafutie dirisha linalotazama mnara, lakini isiwe nyuma ya simtanki, kwa sababu maji yanayanyonya mawimbi haya.

Printa tuiseme kwa kifupi. Nyumba nyingi hapa mjini hazina ruta, zina hotspoti ya simu ya mama. Printa imeungwa kwenye simu hiyo. Mama akienda kazini Mtumba, mtandao wa printa umeondoka naye, na watoto nyumbani wanaituhumu printa. Itafutie mtandao unaobaki nyumbani, au tumia waya wake wa USB. Waya haujawahi kumtia mtu aibu.

Tukija kwenye mausi na kibodi zisizo na waya, kwanza tofautisha aina mbili. Kuna zinazotumia Bluetooth ya kompyuta yenyewe, na kuna zinazokuja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Ukipoteza kipokezi cha hii ya pili, Bluetooth haitakuokoa, labda kama mausi yako imetengenezwa iweze yote mawili. Mausi inayorukaruka au kuchelewa kwa kawaida ina betri iliyochoka. Lakini kuna sababu nyingine ambayo wateja wengi hawaiamini mpaka tuwaonyeshe: matundu ya USB 3.0, yale ambayo mara nyingi ni ya buluu. Kifaa cha USB 3.0 kinapofanya kazi, mfano diski ya nje inayonakili picha za harusi, kinatoa kelele ya mawimbi inayoangukia kwenye 2.4 GHz, masafa yaleyale ya mausi yako, ya Bluetooth na ya Wi-Fi ya kawaida. Intel wenyewe walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Ukichomeka kipokezi cha mausi pembeni ya diski hiyo, kishale kitakwama kila mara diski inapofanya kazi. Hamishia kipokezi upande wa pili wa mashine, au kitundike kwenye waya mfupi wa kurefushia USB kikae mbali kidogo. Huo ndio ukarabati wote.

Bluetooth ina tabia ya wivu. Hedifoni zako zinakumbuka kifaa cha mwisho kilichozishika, na mara nyingi ni simu iliyoko mfukoni. Kompyuta itaziona lakini haitazipata. Zima Bluetooth ya simu kwanza, kisha shikilia kitufe cha hedifoni mpaka taa iwake na kuzima kwa haraka. Hapo ndipo zipo tayari kuungwa. Kama ziliwahi kuungwa na sasa zinagoma, zifute kwenye orodha ya kompyuta na uanze upya kama wageni.

Malalamiko yanayotuletea watumishi wengi wa ofisini ni haya: muziki unasikika safi, lakini kikao cha mtandaoni kikianza tu, sauti inakuwa nyembamba na mbaya kama ya simu ya mezani. Hedifoni hazijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya kupeleka sauti nzuri upande mmoja, na njia nyingine ya mazungumzo, inayobeba sauti kwenda na kurudi ila kwa ubora wa chini. Programu ya kikao ikiomba maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inahamia njia ya pili. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu hiyo, ukachagua maikrofoni ya laptopu yenyewe na kuacha hedifoni kwa kusikilizia tu. Sauti inarudi papo hapo.

Wi-Fi ikionyesha imeungwa, simu inafanya kazi, lakini kila tovuti kwenye kompyuta inalalamika kwamba si salama, tazama tarehe pembeni ya skrini. Kompyuta za mezani zilizokaa miaka mingi zina betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa. Ikiisha, saa inarudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, na vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Betri hiyo ni ya bei rahisi sana, usikubali kuuziwa kadi mpya.

Ukikosa draiva baada ya kuweka Windows upya, usihangaike na programu za mtandaoni zinazojitangaza kukutafutia madraiva yote bure. Nyingi zinakuja na takataka ambazo baadaye tunalipwa kuziondoa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, kompyuta itapata intaneti bila Wi-Fi, kisha chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine yako. Kama unatumia bando la simu, kwenye sifa za mtandao huo washa "Metered connection", la sivyo masasisho ya Windows yatalimaliza kabla hujapata ulichokuja kutafuta.

Umejaribu yote na kadi haionekani kabisa ndani ya Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta kwenye Windows? Hapo sasa tuone. Tunafika nyumbani Kisasa, Area C, Nkuhungu na Ilazo. Kwa Ihumwa na Mtumba tunapanga siku. Kadi ikiwa kweli imekufa, mara nyingi tunakuwekea kifaa kidogo cha USB badala ya kufungua mashine, na tunakijaribu mbele yako. Ukija dukani njoo na chaja, kifaa kinachogoma pamoja na kipokezi chake, na ile simu yenye hotspoti mnayotumia nyumbani, maana pale dukani Wi-Fi yetu inaweza kushika vizuri tukashindwa kuliona tatizo lako.