Barua ya wazi kwa Diwani: tunaomba ufunguo wa shimo la tope

Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo. Natumaini viatu vyako vimekauka, kama ulipita huku. Vyangu bado viko juani.

Mimi ni mama ntilie, nauzia chini ya mwembe, upande wa chini wa bustani yetu hapa Kigoma. Alhamisi mvua ilipiga saa moja tu, tope jekundu la mlimani likashuka hadi jikoni kwangu. Sufuria ya maharage niliikuta imezama mpaka kwenye mfuniko. Migebuka ya mchana niliwamwagia mbwa, nao walinusa kwanza.

Siku ya uzinduzi, mimi nikiwa nimeshika sinia la maandazi yenu, ulisema bustani hii si ya kupigia picha tu. Maji ya mlimani yataingia kwenye shimo yatulie, mchanga utue chini, kisha yapite taratibu kwenye majani, yaende Ziwa Tanganyika yakiwa meupe. Nilikuelewa upesi. Hata maji ya mto tunayaacha ndooni usiku kucha ndipo tuchote ya juu. Na msimu wa kwanza, kusema ukweli, ilifanya kazi.

Lakini shimo la tope ni kama choo, Mheshimiwa: hujaa. Letu limejaa hadi ukingoni, magimbi yameota humo na yamestawi kuliko yangu ya shambani. Maji hayana pa kutulia tena, yanapita juu kwa mbio. Halafu sijui nani aliinua vitanda vya maua kwa matofali. Maji yamekosa majani, yamefanya vijia kuwa barabara yao. Na wanaolima kule mteremkoni bila makinga maji nao wamo, nadhani. Tope lisilobaki kwangu linaenda kufunika mawe ya ufukweni, samaki wadogo wanakokula ukoga.

Ofisini tumekuja mara tatu. Tuliambiwa bajeti, tukaambiwa mzabuni, mara ya tatu tukaambiwa umetoka.

Basi bajeti kaa nayo. Vijana wa bodaboda wana majembe, mkokoteni upo, na wafyatua tofali wanautaka udongo huo. Kinachokosekana ni ufunguo wa uzio wa shimo, ambao mlinzi anasema uko kwako.

Ufunguo tu, Mheshimiwa. Asubuhi tuupate, jioni tunaurudisha. Leo tangu alfajiri wingu limefunga.

Wako,
Mama ntilie wa chini ya mwembe