Ukipita Kaboya nitafutie jina langu

Kaka,

Mambo vipi huko Muleba, ndizi umeshazizoea au bado unaota ugali wa uwele? Huku Dodoma baridi na vumbi, si unajua julai yetu.

Juzi tarehe 25 si ilikuwa siku ya Mashujaa, nikaangalia tivii hapa kwa mangi, wakubwa wanaweka mkuki na ngao pale mnarani, mwingine sime, mwingine upinde na mishale, tarumbeta ikalia, na mimi machozi yakanitoka mbele za watu ikabidi nisingizie vumbi. Nilimkumbuka bibi.

Yule baba mkubwa niliyerithi jina lake alifia vita ya Kagera, 1979, wameshavuka kule Uganda. Nyumbani ikaja barua tu. Msiba ukakaliwa bila maiti, siku ya kuanua tanga bibi akagoma, eti naanuaje tanga la mtu sijamwona? Wazee wakaanua wenyewe, yeye akaendelea. Baiskeli ya marehemu ikatundikwa ukutani haiguswi mpaka matairi yakajipasukia. Na mimi kwa sababu ya hili jina sikuwahi kuchapwa na bibi, hata nilipopoteza mbuzi wawili, akinyanyua fimbo akaita jina mkono unashuka wenyewe (binamu zangu hawajanisamehe mpaka leo haha).

Serikali inalia mara moja kwa mwaka, kwa wote, na ina ratiba. Silaumu, nchi ingeliaje vingine? Ila bibi kila siku ya Mashujaa alikuwa anazima redio, anasema mimi sina shujaa, nina mtoto.

Na huyu baba mkubwa angalau kaburi analo, yuko hapo Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita ya Kagera, na wenzake zaidi ya 600. Wale wa Mtunya je? Ile njaa ya vita ya kwanza, Mjerumani kachukua ng'ombe na nafaka, Mwingereza naye kaja kachukua, vijana wakabebeshwa mizigo ya jeshi, halafu mvua ikagoma, inakadiriwa watu 30,000 walikufa hapa Ugogo. Mnara wao sijawahi kuuona. Wazee walibaki kuhesabia umri tu, fulani kazaliwa Mtunya.

Sasa ombi. Jumapili ukipata nafasi nenda Kaboya, waombe wanajeshi kwa adabu, utafute jina langu. Ndio, langu, usishtuke ukilikuta. Piga picha kwa karibu herufi zionekane, na wakikuruhusu chukua udongo kidogo kwenye kichupa, nataka nikauzike pembeni ya bibi kabla mvua hazijaanza.

Hela ya boda nakurushia kesho.