Uvimbe wa tishu laini upimwe jeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kwa nini darubini pekee mara nyingi haitoshi kutambua uvimbe wa tishu laini, yaani sehemu kama mafuta na misuli. Uvimbe wa mafuta ulio ndani kabisa ya paja waweza kufanana na lipoma isiyo na madhara, kumbe ni saratani ya liposakoma, na kinachoifichua ni jeni ya MDM2, katika kromosomu ya 12, kuongezeka nakala nyingi ndani ya seli. Sakoma ya sinovia nayo, saratani nyingine ya tishu laini ambayo licha ya jina lake haitokani na sinovia, yaani utando wa ndani wa maungio ya mifupa, huthibitishwa na muungano wa jeni za SS18 na SSX. Majibu haya hubadili matibabu. Kwa hiyo nawasihi madaktari wasikimbilie kuondoa uvimbe mkubwa wa ndani kabla kinyama hakijachukuliwa kwa sindano na kupimwa.

Msomaji wenu