Profesa asiye na desa: wanafunzi wanasema nini hasa

Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapisha barua ya mzazi wa Masasi anayelalamika kwamba kijana wake, anayesoma chuo hapa Mtwara mjini, anafundishwa falsafa na profesa ambaye "hafundishi, anauliza tu". Mzazi huyo anataka uongozi wa chuo utazame fomu za tathmini walizojaza wanafunzi, kisha umtafutie profesa kazi nyingine. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu maoni ya wanafunzi juu ya profesa huyo mimi nayasikia kabla hayajaingia kwenye fomu.

Nina steshenari Chikongola. Natoa kopi, nachapa kazi za wanafunzi, nafunga ripoti. Mwanafunzi anayesubiri kopi huongea. Anayesubiri umeme urudi huongea zaidi, na umeme wetu, pamoja na gesi yote ile ya Mnazi Bay, bado una tabia zake.

Kila mhadhiri ana desa lake, yaani notisi zake zilizochapwa, kwenye rafu yangu. Kijana anaingia, "Shikamoo mama, nipe desa la uchumi," nampa, analipa, anaondoka. La falsafa halipo. Kila mwaka wa kwanza unapofika wananiuliza, nawaambia Profesa hana desa, wananitazama kana kwamba nimelificha chini ya meza. Msimu mmoja kijana wa mwaka wa tatu alitunga la kwake, kurasa arobaini na kitu, likaisha siku ileile. Testi ilipokuja halikumsaidia hata mmoja, na waliokuja kudai pesa zao walizidai kwangu.

Wanamwita Kwanini. "Kwanini kaingia?" "Kwanini kaahirisha kipindi." Mwaka wa kwanza wengi hawampendi, sitaficha. Wanasema anawachosha, anawaaibisha, ukimpa jibu anakurudishia swali. Wengi wanasomea ualimu, falsafa wamewekewa kama kozi ya lazima, na hofu yao ni sapu, yaani kurudia mtihani. Hofu hiyo naielewa. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, halimngoji mtu anayerudia mwaka.

Lakini nieleze jambo moja lililotokea mbele ya macho yangu, maana barua ya mzazi haikutaja hata swali moja ambalo Profesa aliuliza.

Muhula uliopita aliwapa swali la kangomba. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, kangomba ni kule kununua korosho za mkulima nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, mara nyingi zikiwa bado mtini, kwa kuwa mwenye shamba ana shida ya pesa leo. Ni kosa, na huku kusini kila mtu anamjua anayeifanya. Swali lilikuwa hivi: mjane ana mgonjwa ndani, ni mwezi wa saba, korosho bado. Anakuja mtu anampa pesa taslimu, kwa makubaliano kwamba msimu ukifika atabeba magunia kwa theluthi ya bei. Mjane amekubali kwa hiari yake, tena ameshukuru. Je, amedhulumiwa?

Darasa lile lina watoto wa Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Liwale. Wamo ambao mama zao waliuza hivyo. Wamo ambao ada zao zililipwa na baba aliyekuwa akinunua hivyo. Ubishi ulitoka darasani ukahamia kwenye benchi langu. Binti mmoja wa Tandahimba alisema baba yake aliokoa watu, maana benki haimkopeshi mjane mwenye mikorosho kumi. Kijana wa Newala akamjibu: aliwaokoa Julai akawazika Desemba. Binti akanyamaza, kisha akauliza kama kuna aliyemlazimisha mama wa kijana huyo kusaini. Nilidhani watapigana.

Wote wawili nikawachapia kazi zao. Kijana alimtumia Kant, yule Mjerumani aliyefariki mwaka 1804, aliyeshikilia kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kupata faida ya mwingine. Binti alimtumia Mwingereza Mill, ambaye kwake jambo hupimwa kwa manufaa au maumivu linayowaletea watu. Akajikuta anaandika kwamba kwa hesabu ya Mill baba yake pengine anashindwa, kwa sababu ukijumlisha mavuno ya miaka yote maumivu yanazidi. Aliandika upya ukurasa ule mara kadhaa. Akaongeza na msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo na kuhakiki mashamba ili kuwabaini watu wa kangomba, na akauliza nani hasa aliumia malipo yalipochelewa. Hilo hakulitoa kwenye desa la mtu.

Sasa msikie. Wiki ya tathmini ilipofika, binti huyohuyo aliniambia, huku akicheka, kwamba kwenye kipengele cha "mhadhiri anaeleza somo kwa uwazi" amempa Profesa moja kati ya tano. Nikamuuliza, mwanangu, baada ya yote yale? Akasema: "Mama, hadi leo hajatuambia jibu ni lipi."

Fomu ile naifahamu. Siku hizi wanaijaza kwenye simu, lakini ilipokuwa ya karatasi kopi zake nilizitoa mimi. Inauliza kama mhadhiri anafika kwa wakati, kama anatoa notisi, kama anamaliza mada, kama anaeleza kwa uwazi. Ni maswali ya haki, na mhadhiri mtoro lazima abanwe. Hakuna hata moja linalouliza kama mwanafunzi amebadili mawazo yake juu ya jambo lolote. Tena inajazwa siku chache kabla ya mtihani wa mwisho, wakati ambapo mtu hana analolitaka duniani zaidi ya kuambiwa yatakayotoka.

Mhadhiri mmoja mteja wangu alinipa nimchapishie makala ya wachumi wawili wa Marekani, Scott Carrell na James West, iliyotoka mwaka 2010. Walifuatilia wanafunzi wa Chuo cha Jeshi la Anga kule Colorado, ambako mwanafunzi hachagui mwalimu, anapangiwa. Waligundua kwamba walimu wa hesabu waliosifiwa zaidi kwenye tathmini, ambao wanafunzi wao walifanya vizuri kozi hiyo ilipoisha, wanafunzi wao hao walifanya vibaya zaidi kwenye kozi za juu zilizofuata. Wale waliopata tathmini ndogo ndio waliojenga msingi. Najua hesabu si falsafa na Colorado si Mtwara, na sisemi kila anayechukiwa ni mwalimu mzuri. Wapo wanaochukiwa kwa haki kabisa.

Waliomaliza nao hupita dukani. Mmoja anafundisha sekondari Ruangwa, huja kuchapisha mitihani. Anasema kidato cha pili wake wamemzoea sasa, akiingia tu wanajua wataulizwa sababu, na zamani yeye mwenyewe alikuwa akimkimbia Profesa kwenye korido. Mwingine anaendesha bodaboda hapa Magomeni na amenieleza bila kung'ata maneno kwamba falsafa ilimpotezea muda, bora angefundishwa kutengeneza pampu. Naye ni mwanafunzi, maoni yake yahesabiwe.

Sasa niseme na upande wa Profesa, maana mzazi yule ana sehemu ya haki ila ameishika pasipo. Tatizo si kuuliza. Tatizo ni kwamba anauliza kwa Kiingereza. Pale kwenye benchi langu ubishi wa kangomba ulikuwa wa Kiswahili, na palipokaza ukaingia Kimakonde. Kila mtu alikuwa na la kusema, hata yule mpole wa Liwale ambaye wenzake wanadai darasani hajawahi kufungua mdomo. Ndani ya ukumbi wanaongea vijana watatu au wanne waliosoma shule za kulipia, wengine wanatazama viatu vyao. Kisha Profesa anaandika kwamba darasa halishiriki. Na kinachoshangaza, muhula huohuo anawafundisha Kwasi Wiredu, Mghana aliyefariki mwaka 2022, aliyesisitiza kwamba Mwafrika ayapime mawazo ya falsafa kwa kuyafikiri katika lugha yake mwenyewe. Nimechapa kazi nyingi juu ya Wiredu. Zote za Kiingereza.

Mtihani najua lazima uwe wa Kiingereza, huo ni utaratibu wa vyuo vyetu. Lakini semina? Nani angedhurika semina ikiendeshwa kwa Kiswahili, halafu mtu akaenda kuandika Kiingereza chake akiwa tayari anajua anachotaka kusema?

Ushahidi anao mwenyewe. Amewahi kuwatuma vijijini wakahoji wazee, kwa mtindo wa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekuwa akitafuta wenye hekima ambao hawakwenda shule, kisha anayaandika mabishano yao. Wanafunzi walilalamikia nauli. Lakini ripoti zilizorudi ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga. Moja ilitoka Kitangari. Kundi lilikwenda na dai la Mkenya John Mbiti la mwaka 1969, kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita mrefu na uliopo, lakini wakati ujao karibu hana. Mzee akawapeleka shambani akawaonyesha mikorosho aliyopanda mjukuu wake akiwa hajazaliwa, akawauliza hiyo aliipandia jana? Mahojiano yote yalikuwa ya Kiswahili na Kimakonde.

Kwa hiyo ombi langu kwa chuo ni kwamba fomu ibaki ila iongezwe maswali, na waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita nao waulizwe, mwalimu wa Ruangwa na bodaboda wa Magomeni wote wawili. Kwa mzazi wa Masasi: kabla hujamwondoa mtu kazini, mpigie kijana wako umuulize mjane yule alidhulumiwa au la. Usimkatishe.

Na Profesa, kama gazeti linakufikia: testi ya Disemba bado hujairudisha, na mtihani wa mwisho uko mlangoni. Kuhusu hilo wanafunzi hawana maoni mawili.

Mwenye steshenari,
Chikongola, Mtwara.
(Jina limehifadhiwa)