Barua ya malalamiko: Gemu niliyoilipia imenifungia mlango

Tanga, Tanzania
14 Agosti 2025

Mkuu wa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

YAH: GEMU NILIYOINUNUA KUKATAA KUFUNGUKA, NA OMBI LA KUONDOA KUFULI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kufuli ninalolisema ni ile programu inayokagua kama umelipia kabla gemu haijafunguka.

Mimi ni mteja wenu tangu 2019. Nimekwisha kuwaandikia mara tatu kwa Kiingereza, na mara zote nimejibiwa na mashine iliyoniambia nizime kompyuta niiwashe tena. Barua hii ya nne naiandika kwa lugha ninayoweza kulisemea jambo hili hadi mwisho wake. Tafuteni mtu wa kuwasomea; wapo wengi.

Novemba 2023 nilinunua gemu yenu moja ya hadithi, ya kucheza peke yako, isiyo na mashindano ya mtandaoni. Nililipa zaidi ya shilingi 140,000 kwa kadi ya kwenye simu. Gemu yenyewe ina GB 68, na kwa bando la nyumbani nisingeiweza. Nilipakia kompyuta yangu kwenye bajaji nikaipeleka ofisini kwa rafiki yangu, ikakaa pale siku tatu ikishusha. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea. Nawaeleza haya mjue kwamba gemu hii niliihangaikia, na niliilipia kila senti mliyoitaka.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikaanguka Tanzania na nchi kadhaa jirani. Siku hiyo mpwa wangu, mtoto wa miaka 11, alikuwa amekuja kwangu kucheza. Nilikuwa nimemwahidi wiki nzima. Aliketi kwenye mkeka, pedi ya kuchezea mkononi, nikafungua gemu. Kiduara kikazunguka katikati ya kioo, kikazunguka weee, kisha yakaja maandishi kwamba umiliki wangu umeshindikana kuthibitishwa, niunganishe intaneti. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, si ulisema umeinunua?" Nikamjibu ndiyo, nimeinunua. Akaniangalia, akaangalia kioo, akaiweka pedi chini. Sikuwa na la kumweleza, na hata leo sina, maana gemu yote ilikuwa humo ndani ya kompyuta yangu. Hakuna kipande chake hata kimoja kilichokuwa chini ya bahari.

Hilo nililimeza. La Juni mwaka huu limenishinda. Umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Fundi akanifungia madabodi na prosesa nyingine za mtumba. Diski ilisalimika, na gemu yenu imo, GB zote 68. Nilipoifungua nikaambiwa hii ni kompyuta ngeni, na kwamba nimekwisha kumaliza idadi ya kompyuta ninazoruhusiwa. Ndugu, mimi nina kompyuta moja tu. Mnayoiita ya pili na ya tatu ni hiyohiyo, baada ya kubadilishiwa memori na kupigwa Windows upya. Kwenye nyumba ambayo umeme unakatika na kurudi unavyotaka, vifaa hufa, na mtu hutengeneza alichonacho. Kufuli lenu linauhesabu ufundi huo kuwa ni wizi.

Na wizi wenyewe upo, siukatai. Mtaani kwetu kuna kijana anayeweka gemu kwenye diski za nje. Kwa shilingi 5,000 anakupakulia unayoitaka. Hiyo yenu anayo. Nimeiona kwa macho yangu ikifunguka papo hapo kwenye kompyuta isiyo na intaneti, bila kiduara, bila kuulizwa chochote. Sikuinunua, na naomba hilo mliandike mahali. Lakini nilisimama pale nikitazama kitu changu kikimfungukia asiyekilipia. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, nanyi ndivyo mnavyotuchukulia sisi wateja. Tena samaki aliyeoza hata hayumo kapuni mwenu. Waliomo ni sisi tuliolipa.

Mtaniambia kwamba kampuni kubwa haiwezi kuuza bila kufuli, itafilisika. Nimelifikiria jambo hilo kwa uaminifu, kwa sababu najua gemu kubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka, na nao wana watoto wa kulisha. Ila mifano haiwaungi mkono. CD Projekt, watengenezaji wa gemu wa Poland, walianzisha duka la mtandaoni la GOG mwaka 2008, na ndani yake gemu huuzwa bila kufuli: unashusha faili, unaliweka kwenye diski, linabaki lako. Gemu yao ya The Witcher 3 ilitoka 2015 ikauzwa humo tangu siku ya kwanza, wala haikuwazuia kufikisha nakala zaidi ya milioni 50 kwa jumla kwenye mashine zote. Baldur's Gate 3, iliyotwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka 2023, nayo inauzwa humo. Hata Sony waliipeleka gemu yao ya Horizon Zero Dawn kwenye duka hilo mwaka 2020. Hizo si kampuni za uchochoroni.

Tazameni na upande wa pili. Gemu ya Spore ya 2008 ilitoka na kufuli la kompyuta 3 tu. Ilivuja mikononi mwa maharamia hata kabla ya siku ya kutolewa, na walioteseka ni walionunua. SimCity ya Machi 2013 ililazimisha intaneti muda wote. Seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha gemu mtandaoni, zikaelemewa siku za mwanzo, watu wakalipa na hawakucheza. Mwaka mmoja baadaye ikafunguliwa kuchezwa bila intaneti. Kwa hiyo iliwezekana.

Muziki ulipita njia hii kabla yenu. Apple waliondoa kufuli kwenye nyimbo za iTunes mwaka 2009, na nyimbo zimeendelea kuuzwa.

Kama mnaziogopa wiki za mwanzo, ambazo ndizo za mauzo makubwa, basi fungeni wiki hizo halafu fungueni. Gemu ya DOOM ilitoka Mei 2016 na kufuli liitwalo Denuvo, likaondolewa Desemba mwaka huohuo. Gemu yangu imekwisha kuwa ya zamani, mnaiuza kwa punguzo kila msimu wa sikukuu. Kufuli linalinda nini sasa?

Kinachonitia hofu zaidi ni siku mtakayochoka kuendesha seva zenu. Tarehe 31 Machi 2024 seva za gemu ya The Crew zilizimwa, na walioinunua wakabaki na jina la gemu tu, hata sehemu ya kucheza peke yako haifunguki. Ndipo Ulaya watu zaidi ya milioni 1 wakatia saini kutaka gemu zilizouzwa zisiuawe. Nako California, tangu Januari 2025, sheria inamtaka muuzaji anayeandika "nunua" amwambie mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni tu. Kitufe chenu nilichobonyeza mimi kiliandikwa "nunua". Hakikuandikwa "kodi", wala "azima hadi tutakapobadili mawazo".

Ninayoyataka ni haya. Kwanza, mnifungulie gemu yangu kwenye kompyuta yangu hii, au mnirudishie fedha zangu. Pili, gemu zote za kucheza peke yako zilizopita mwaka mmoja tangu kutoka mziondolee kufuli, ili aliyelipa aweze kuliweka faili lake na kulifungua intaneti ikiwepo au isipokuwepo. Tatu, mnijibu swali hili kwa neno moja: je, gemu zenu zijazo mtaziuza bila kufuli, ndiyo au hapana? Kama jibu ni hapana, niambieni tu. Fedha zangu nitazipeleka kwa wanaoniamini.

Nawapa siku 30 tangu mtakapopokea barua hii. Jibu la mashine sitalihesabu kuwa jibu. Nimeambatanisha risiti ya malipo, picha ya maandishi yaliyotokea kwenye kioo, na risiti ya fundi yenye tarehe aliyobadilisha madabodi. Mpwa wangu anakuja likizo ya Desemba, na gemu bado imo kwenye diski.

Wenu,

Mteja, Tanga

Nakala: Tume ya Ushindani