Harare nayo haina bahari

Ndugu Mhariri,

Mazungumzo ya michezo hapa Mbeya yakigusa kuogelea tu, hukatishwa na jibu lilelile: huo ni mchezo wa watu wa pwani. Nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, na hata kwa watu waliopewa dhamana ya kuendeleza michezo. Naomba nafasi kidogo nilijibu kwa kumtaja mtu mmoja.

Kirsty Coventry alizaliwa Harare mwaka 1983. Zimbabwe haina pwani hata ya kuchovya mguu, na Harare yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kimo kisichopishana sana na cha Iringa. Binti huyo wa nyanda za juu ana medali saba za Olimpiki, zote alizishinda peke yake, hakuna hata moja ya kupokezana. Tangu nchi yake ianze kushiriki kwa jina la Zimbabwe mwaka 1980 imepata medali nane tu. Ya nane ni ya kina mama wa mpira wa magongo, Moscow 1980. Sisi tunazo mbili, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui, nazo ni za Moscow hiyohiyo. Tangu hapo tunapiga miayo.

Safari yake haikuwa ya miujiza. Alikwenda Sydney mwaka 2000 akiwa mwanafunzi wa sekondari. Alitimiza miaka 17 siku moja baada ya sherehe ya ufunguzi. Alifika nusu fainali, akarudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, ambako kuogelea ni kazi ya asubuhi na jioni. Mwaka 2002 akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester. Athens 2004 ikampa medali tatu: dhahabu ya mita 200 kuogelea chali, fedha ya mita 100 chali, na shaba ya mita 200 za mitindo minne.

Lakini mimi Olimpiki yake ninayoipenda ni ya Beijing 2008, na si kwa sababu ya dhahabu. Katika mita 400 za mitindo minne aliogelea kwa dakika 4 na sekunde 29.89, chini ya rekodi ya dunia iliyokuwapo. Akawa wa pili! Stephanie Rice wa Australia alikuwa amemtangulia kwa sekunde 0.44. Siku chache baadaye, mita 200 za mitindo minne, mambo yakawa yaleyale: wote wawili chini ya rekodi ya zamani, Rice mbele, safari hii kwa sekunde 0.14. Katikati ya hapo akapata fedha nyingine, mita 100 chali, na hiyo rekodi yake alikuwa ameivunja mwenyewe kwenye nusu fainali. Fedha tatu kwa namna hiyo zingemvunja moyo mtu yeyote. Yeye akaingia mita 200 chali, akatetea dhahabu yake kwa dakika 2 na sekunde 5.24, rekodi mpya ya dunia. Miaka minne kabla, mjini Athens, alishinda mbio hizohizo kwa 2:09.19. Yaani ndani ya miaka minne alipunguza karibu sekunde nne, na wanaofundisha michezo ya saa wanajua hizo sekunde nne zinatafutwa kwa jasho gani.

Rais Robert Mugabe alimzawadia dola 100,000 za Marekani. Ni jambo jema, ingawa ningefurahi zaidi kuona viongozi wa Afrika wakitoa fedha za namna hiyo kabla ya medali, wakati mtoto hajajulikana na bwawa linavuja.

Aliendelea hadi London 2012 na Rio 2016, akimaliza wa sita kwenye fainali, akastaafu baada ya Olimpiki tano. Mwaka 2018 akawa waziri wa michezo nchini kwake, kazi ambayo ilimletea wakosoaji wake. Machi 2025 akachaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

Najua nitakachoambiwa: yule ni mzungu, tena wa familia yenye uwezo. Ni kweli, na mabwawa mengi ya shule za Zimbabwe yalichimbwa enzi za ubaguzi kwa ajili ya watoto wa rangi moja. Hiyo ndiyo hoja yangu hasa. Bingwa alitoka upande ambao bwawa lilikuwapo. Mwaka 1988 mjini Seoul, Anthony Nesty, kijana mweusi wa Suriname, alimpiku Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Suriname ni nchi ndogo, na wakati huo ilikuwa na bwawa moja tu la mita 50. Moja lilitosha kumwanzisha.

Na kama bahari ingekuwa inatosha, basi Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Mtwara zingekwisha kutuletea medali zamani. Paris 2024 tuliwakilishwa majini na Collins Saliboko na Sophia Latiff, waliokwenda kwa nafasi zinazotengwa kwa nchi ambazo waogeleaji wake hawajafikia viwango vya kufuzu. Nawapongeza kwa dhati. Ila nchi yenye pwani ndefu kama yetu, yenye Viktoria, Tanganyika na Nyasa, kuingia kwa mlango huo kunanitia aibu.

Mwinuko wetu, tunaoutaja kama kikwazo, wenzetu wanausafiria kwa gharama. Timu za kuogelea za Ulaya hupanda Font-Romeu kule Ufaransa na Sierra Nevada kule Hispania kufanya mazoezi kwenye hewa nyepesi, ili mwili uzalishe chembe nyekundu za damu kwa wingi. Wamarekani kituo chao kikuu cha Olimpiki kiko Colorado Springs, zaidi ya mita 1,800. Mbeya tuko karibu mita 1,700 na tunalala hapo bure.

Kikwazo cha kweli ni baridi, na sitaki kukificha. Maji ya mashindano yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 25 na 28, na mtu aliyewahi kunawa uso alfajiri ya Julai huku Uyole anajua tuko mbali kiasi gani. Mabwawa ninayoyajua hapa mjini ni ya hoteli, mafupi, ya watu kupiga picha. Hata hivyo hatuhitaji kuanza na la mita 50. Mashindano ya dunia yapo pia ya mabwawa ya mita 25. Bwawa la urefu huo, upana wa mita 12 na nusu, kina cha mita moja na sentimita 30, linabeba takriban lita 400,000, na maji hayo hayamwagwi kila wiki bali huzungushwa, yakachujwa na kutiwa klorini. Likijengewa paa, likafunikwa turubai usiku na kuwekewa mitambo ya jua ya kupasha maji, linaweza kutumika muda mrefu wa mwaka. Juni na Julai lifungwe, hakuna aliyekufa kwa kupumzika.

Tena tusiwaze medali peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na wengi sana ni wa nchi kama zetu. Wazazi wa Kyela hawahitaji takwimu hiyo. Watoto wa Matema hujifunza ziwani kwa kuigana, wa Mbarali wanacheza kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, na wa mjini kama hawa ninaowafundisha hawajui kabisa. Wakienda ziwani likizo wanawafuata wenzao kwenye kina. Wapo wanaorudi wakiwa wamebebwa.

Nchi sasa inajenga na kukarabati viwanja vya mpira kwa ajili ya AFCON ya 2027, na mimi shabiki wa mpira siwezi kulalamikia hilo. Ninachoomba kwa madiwani wa halmashauri za Mbeya na Iringa ni kwamba bajeti ijayo itakapojadiliwa, kifungu cha michezo kitaje bwawa moja la wanafunzi kwa kila mkoa, pamoja na mshahara wa kocha na wa mwokoaji, maana bwawa lisilo na mwokoaji ni afadhali libaki shamba. Walimu wawili watatu wapelekwe kozi mapema, kabla saruji haijamwagwa.

Mwalimu wa michezo,
Uyole, Mbeya