Mdogo wangu, kabla hujaenda kujenga nyumba za watu ugenini

Mdogo wangu,

Nimesikia umekubaliwa kwenye ile timu ya kujitolea, mnaenda nchi ya watu kujenga nyumba za familia zisizo na uwezo, na umeshaanza kuchangisha hela ya tiketi. Nimefurahi, tena sana. Ningeweza kukutumia meseji tu lakini nimeona niandike hadharani kwa sababu hauko peke yako, kuna vijana wengi wanajiandaa na safari kama hiyo na hawana ndugu aliyekaa saiti miaka wa kuwaambia mambo yalivyo, na mimi ni fundi mwashi, mwiko ndo unanilisha.

Kwanza nenda. Nasema mapema usije ukafika huko chini ukadhani kaka yako anakukatisha tamaa. Umoja wa Mataifa unahesabu zaidi ya watu bilioni 1 wanaoishi kwenye makazi duni duniani, na nyumba mbovu inaumiza watu kweli kweli, achana na habari ya mwonekano. Meksiko kulikuwa na mradi wa serikali unaitwa Piso Firme, walichokuwa wanafanya ni kitu kimoja tu, kumwaga sakafu ya zege kwenye nyumba za sakafu ya udongo. Watafiti walipoenda kupima watoto wakakuta kwamba pale udongo unapofunikwa wote, minyoo na vimelea vya tumboni vinapungua kwa asilimia 78 na kuharisha kunapungua kwa asilimia 49. Sakafu tu hiyo, ukuta haujaguswa, bati halijaguswa! Kwa hiyo siku ukipewa koleo uambiwe kachanganye zege la sakafu wakati wenzako wanapanga tofali na kupigana picha, usijione umepewa kazi ya chini. Mtoto anayetambaa humo ndani atakaa juu ya kazi yako kutwa nzima.

Sasa tuongee hela, na hapa unisikilize vizuri. Kuna mwanasosholojia anaitwa Kurt Ver Beek, ameishi Honduras miaka mingi, yeye alifuatilia familia zilizopata nyumba mpya baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Wengine walijengewa na timu za watu wa kujitolea kutoka Amerika ya Kaskazini, wengine na wenyeji wenyewe. Nyumba moja ilikuwa inagharimu kama dola 2,000, halafu timu moja inachangisha kama dola 30,000 za nauli na malazi na kila kitu ili ije isimamishe hiyo nyumba ya 2,000. Na alipouliza zile familia maisha yamebadilikaje, hakuona tofauti ya maana kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na wenyeji. Yaani familia ilichokuwa inahitaji ni nyumba, nani kabeba tofali haikubadilisha kitu. Piga hesabu mwenyewe hiyo hela ingetoa nyumba ngapi na ingelipa mafundi wangapi wa palepale ambao nao wana watoto na wanatafuta kazi.

Ndo maana naomba, na hili nalisisitiza kuliko yote humu, kiasi unachochangisha kwa ajili ya nauli yako uchangishe na kingine hichohicho kwa ajili ya simenti, nondo, mabati na ujira wa fundi wa kule. Wanaokuchangia waambie wazi hii ni ya safari na hii ni ya nyumba, wasijue vitu viwili kwa jina moja. Ukiona haifiki, sogeza safari mbele mwaka mmoja, nyumba zitakuwa bado zinahitajika tu.

Pia uliza familia yenyewe imeshiriki vipi. Hii naona watu wengi wanairuka. Unajua Habitat for Humanity, lile shirika la kujenga nyumba za wasio na uwezo, lilivyoanza? Millard Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara wa Marekani, tajiri kabla hajafika miaka 30, yeye na mkewe Linda wakaamua kuachana na ule utajiri, wakaenda kuishi shambani Koinonia, jimbo la Georgia hukohuko Marekani, kwa Clarence Jordan aliyelianzisha shamba hilo, na pale ndipo wazo likazaliwa la kujenga pamoja na watu wasio na nyumba, bila faida wala riba. Halafu mwaka 1973 wakahamia Zaire, hii Kongo ya sasa, wakaenda kulifanyia kazi hilo wazo mjini Mbandaka, miaka mitatu. Waliporudi kwao 1976 ndo wakaanzisha shirika. Kwa hiyo lile wazo lilipimwa Afrika kabla halijawa shirika, na ndani yake mwenye nyumba anafanya kazi kwenye ujenzi kwa mikono yake na analipa mkopo kidogokidogo, na anacholipa kinaenda kujenga ya mwingine. Mtu wa hivyo akiingia ndani ya nyumba anaingia kama mwenye mali. Nimekaa na wateja maskini na wateja matajiri, na nakwambia mtu aliyebeba maji ya kuchanganyia udongo wa nyumba yake anaijua kila kona, ufa ukitokea anauona siku ileile. Ukifika kule ukakuta familia imekaa pembeni inawaangalia nyie mnajenga, uliza kwa nini. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Na ardhi je? Kabla hujalipa hata senti waandikie waandaaji waulize kiwanja kina karatasi za nani. Kama familia haina haki inayotambulika pale, hiyo nyumba siku moja itabomolewa au mwenye kiwanja atajitokeza akaingia yeye, na nyie mtakuwa mmemjengea mtu mwingine kabisa. Waandaaji wa kweli watakujibu bila kukasirika. Wakianza kuzunguka zunguka, mara ooh tutaangalia, mara msiwe na wasiwasi, hapo mimi ningejitoa.

Halafu swali langu kama fundi, nani anakagua kazi? Unakumbuka Haiti, lile tetemeko la Januari 2010, watu wengi sana walikufa kwa kuangukiwa na majengo ya zege dhaifu, mchanga mbaya, simenti kidogo, nondo hazitoshi. Ukuta ukijengwa vibaya unaua, na haujali aliyeujenga alikuwa na moyo mzuri kiasi gani. Kwa hiyo lazima awepo fundi mkuu, mwenyeji anayejua udongo wa pale na upepo wa pale na mvua za pale, na akisema bomoa hizo kozi mbili za tofali mnabomoa bila kununa. Nimeshaona ukuta wa watu wenye nia nzuri uliotoka nje ya timazi, yaani umeinama, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kwa sababu eti ni wageni. Ukifika tu mwambie fundi mbele ya wenzako kwamba wewe ni saidia fundi wake, akurekebishe bila kukuonea haya. Hayo maneno yatafungua mengi.

Jimmy Carter ni mfano ninaoupenda hapa. Yeye na mkewe Rosalynn walianza kujenga na Habitat mwaka 1984 New York, jengo bovu lililokuwa linakarabatiwa kwa ajili ya familia 19, rais mstaafu wa Marekani na nyundo mkononi, na useremala alikuwa anaujua kweli. Wakaendelea hivyo miaka zaidi ya 30 nchi mbalimbali. Mwaka 2019 akiwa na miaka 95 alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 usoni, na siku chache hazijapita akawa Nashville saiti na jicho jeusi. Ninachotaka ukione ni kwamba alirudi tena na tena kwenye kazi ileile mpaka akawa anaijua. Wewe una wiki chache tu, ndo maana nataka uende ukiwa umeshajua angalau vitu vitatu vinne.

Zege usilizidishe maji. Kuchanganya kwa koleo kunachosha mgongo na ukiongeza maji linakuwa laini, raha kabisa, wote wanaojitolea wanafanya hivyo wakichoka, lakini linakuwa dhaifu na baadaye linapasuka. Likishamwagwa linyeshewe angalau wiki nzima, lisiachwe likauke na jua, maana nguvu inayotakiwa tunaihesabu mpaka siku ya 28. Nyie mtakuwa mmeshaondoka, kwa hiyo hakikisheni kuna mtu amepewa hiyo kazi ya kunyeshea na analipwa. Simenti mbichi inaunguza ngozi, watu hawaamini mpaka wachubuke, vaa glavu na buti na ikiruka machoni osha na maji mengi papo hapo bila kusubiri. Chanjo ya pepopunda pata mapema, misumari ya saiti haina huruma. Na viza! Nchi nyingi zinahesabu kujitolea kama kazi, viza ya utalii inaweza isitoshe, waulize ubalozi wenyewe, usitegemee neno la aliyekuuzia safari.

Picha piga, sikukatazi. Ila mtoto wa mtu usimpige bila mzazi wake kukubali akiwa anaelewa inaenda wapi, na ile nyumba ya zamani wanayotoka usiiweke mtandaoni ikiwa na sura zao. Wewe ungependa watu usiowajua waangalie ulipokuwa unalala? Piga ukuta, piga kenchi za paa zikipanda, piga mikono ya fundi.

Baada ya kurudi omba namba ya yule fundi au ya shirika la kule, uulize mvua za kwanza zilipitaje, bati limevuja wapi, mlango umevimba au la. Kujua nyumba ilivyokaa mwaka mmoja baadaye kutakufundisha kuliko siku zote mtakazokaa pale, na kama kuna cha kurekebisha changa tena, kiasi kidogo tu kinatosha.

Nitumie ramani ya hiyo nyumba na majibu ya waandaaji, ya kiwanja na ya fundi mkuu, nitayasoma na nitakwambia ninavyoona. Na kabla ya safari njoo saiti kwangu siku mbili tatu ukae kwenye koleo. Uje na buti.

Kaka yako